Hatamu Bila Farasi, Farasi Bila Hatamu

Katika makumbusho ya Delphi, nchini Ugiriki, amesimama kijana wa shaba mwenye kimo cha mita 1.80. Amevaa kanzu ndefu iliyofungwa juu ya kiuno, vazi la waendesha magari ya mashindano wa enzi zake. Macho yake ya kupachikwa yangali na mboni, na utepe wa kichwani una nakshi ya fedha. Mkono wa kushoto umepotea. Wa kulia umeshika hatamu, lakini hatamu zenyewe zinaishia hewani, kwa kuwa farasi wanne waliokuwa mbele yake wamebaki vipande vya miguu na mkia.

Ukivuka bahari hadi Venice, ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Marko, utawakuta farasi wanne wa shaba waliopakwa dhahabu, wakubwa kama farasi hai, wazima toka pua hadi mkia. Hao nao hawana gari wala mwendeshaji, na sura ya yule aliyewahi kuwashika haijulikani.

Kazi hizi mbili hazikutoka mkono mmoja wala karne moja. Ila ukiziweka pamoja unapata sanamu moja kamili: gari la kukokotwa na farasi wanne waliofungwa sambamba, ambalo Warumi waliliita kwadriga. Kwa zaidi ya miaka 2,500 watawala wameipenda sanamu hiyo na kuipandisha juu ya mahekalu, malango na matao. Wamepigana kwa ajili yake, wameiba, wameyeyusha na kusubu upya. Kwa nini chombo hiki, kisicholima shamba wala kubeba shehena, kikawa alama ya ushindi na dola? Na kwa nini sanamu zake, zilizokuwa tele, zimebaki za kuhesabika, na hizo zilizobaki zikahamishwa huku na huko kama mateka?

Kiswahili kimeshajibu nusu ya swali. Sehemu kubwa ya nchi zetu haikuwa na farasi, maana mbung'o hakumruhusu kuishi. Hata hivyo tukitaka kusema fulani ametwaa madaraka, tunasema ameshika hatamu. Watanzania waliokuwa watu wazima enzi za chama kimoja wanakumbuka kauli ya chama kushika hatamu, na wengi wao hawakuwahi kumgusa farasi. Neno hilo, lililotujia kwa Kiarabu pamoja na lijamu, linatuelekeza pa kutazama. Habari ya sanamu hizi iko mkononi mwa anayeongoza. Farasi ni ushahidi wake tu.

Fahari isiyo na kazi

Wagiriki wa karne ya 6 na ya 5 KK hawakwenda vitani kwa magari. Askari wao mzito alipigana kwa miguu, ngao mkononi. Gari la vita lilikuwa limebaki katika hadithi za mashujaa na katika uwanja wa mashindano. Huko uwanjani ndiko farasi wanne walikopata nafasi yao. Kwa mujibu wa orodha za kale za Olympia, mbio za magari ya farasi wanne ziliingizwa katika michezo hiyo mwaka 680 KK, na magari yalizunguka uwanja mara 12.

Kiufundi, farasi wanne si njia ya busara ya kuvuta kitu chepesi kama gari la mbio. Wawili wa katikati tu ndio waliofungwa nira. Wale wa pembeni walivuta kwa kamba, na kazi yao ilionekana kwenye kona. Magari yalikata kushoto kuzunguka nguzo, kwa hiyo farasi wa ndani ilibidi ajizuie akipita karibu na nguzo bila kuigonga, na wa nje upande wa kulia akimbie masafa marefu kuliko wenzake wote kwa muda uleule. Mwendeshaji alishika hatamu za wanyama wanne wenye nguvu tofauti na kuwageuza kama mwili mmoja. Kona zilikuwa 23 au 24, na magari yalikuwa mengi. Ajali zilikuwa sehemu ya utamu wa watazamaji.

Ndipo unapoona thamani ya jambo lenyewe. Gari la farasi wanne lilikuwa gumu kuliongoza na ghali kulimiliki. Ugiriki ni nchi ya milima na mawe, na malisho mazuri ya farasi ni machache. Aliyefuga farasi wanne wa mbio alikuwa akiutangazia umma kwamba ana ardhi, ana watumishi, na ana mali ya kuchezea. Taji la ushindi halikwenda kwa mwendeshaji. Lilikwenda kwa mwenye farasi, hata kama siku ya mbio alikuwa nyumbani kwake.

Kanuni hiyo ilizaa mambo ya ajabu. Kyniska, binti wa kifalme wa Sparta, alishinda Olympia mwaka 396 KK na tena 392 KK, katika michezo ambayo wanawake walioolewa hawakuruhusiwa hata kuitazama. Hakukanyaga uwanja, lakini farasi walikuwa wake. Aliweka sanamu za shaba palepale Olympia, na jiwe lenye maandishi ya kujivunia ushindi wake limepatikana. Miaka 20 kabla yake, mwaka 416 KK, Alkibiades wa Athene aliingiza magari saba katika mbio moja na kutwaa nafasi ya kwanza na ya pili. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya wananchi kuomba aongoze jeshi kwenda kuvamia Sisilia. Mwanahistoria Thukidides anatuambia kwamba magari hayo saba yalikuwa sehemu ya hoja yake: nguvu ya mji imeonekana Olympia kwa gharama zangu, basi nina haki ya kuongoza kuliko wengine. Alipewa. Safari ile iliishia katika maangamizi makubwa kuliko yote Athene iliyowahi kuyapata katika vita vyake na Sparta.

Kijana wa Delphi alitoka katika hesabu hiyohiyo. Maandishi kwenye kitako chake yanamtaja Polyzalos, mtawala wa Gela huko Sisilia, na sanamu inakumbuka ushindi wa mwaka 478 au 474 KK. Polyzalos ndiye aliyelipa, na jina lake likachongwa. Jina la kijana aliyezishika zile hatamu halikuandikwa.

Ukiyatazama mavazi yake, hayapepei. Uso hauna jasho wala woga. Mchongaji hakutaka kuonyesha mbio. Alionyesha dakika inayofuata, mshindi anapowapitisha farasi wake mbele ya watu. Farasi wa Venice nao wameinua kila mmoja mguu mmoja wa mbele, kwa mwendo wa maandamano. Sanamu hizi huonyesha mambo baada ya kwisha, hatari ikiwa imepita na mwenye mali akiwa amesimama imara.

Kutoka uwanjani hadi juu ya paa

Hatua ya kulitoa gari hili mikononi mwa tajiri mmoja na kulifanya mali ya dola ilichukuliwa Athene karibu mwaka 506 KK. Waathene walikuwa wamewashinda majirani zao wa Boiotia na Khalkis. Waliwafunga mateka minyororo, wakawaachia kwa fidia, na kwa sehemu ya kumi ya fidia hiyo wakasubu gari la shaba la farasi wanne na kuliweka Akropolis kama sadaka kwa mungu wao Athena. Herodoto aliliona, akaandika hata mahali liliposimama. Hakuna aliyekuwa ameshindana kwa magari katika vita ile. Alama ya ushindi wa tajiri ilikuwa imekuwa alama ya ushindi wa mji, na tangu hapo haikuwa tena lazima pawe na mbio ndipo pawe na gari.

Roma ililifikisha jambo hili mbali zaidi. Juu ya hekalu la Jupita kwenye kilima cha Kapitoli palikuwa na kwadriga ya udongo wa kuchoma, kazi ya mafundi wa Veii. Mwaka 296 KK ndugu wawili wa ukoo wa Ogulnius waliweka nyingine ya shaba mahali pake. Kila jemadari aliyepewa heshima ya kuandamana mjini baada ya ushindi alipanda gari la farasi wanne, uso umepakwa rangi nyekundu, akafuata njia iliyopanda hadi chini ya mungu yule aliyekuwa juu ya paa kwenye gari kama lake. Kwa siku moja binadamu na mungu walifanana. Baadaye sherehe ikagandishwa: matao ya ushindi yakajengwa, na juu ya tao ikawekwa kwadriga ya shaba na mfalme ndani yake. Matao mengi tunayoyaona leo Roma yamebaki jiwe tupu, lakini sarafu za zamani zinaonyesha kilichokuwa juu.

Wakati huohuo mbio zenyewe zilikuwa zimekuwa biashara ya umma. Katika Circus Maximus, uwanja uliomeza watu zaidi ya 150,000, magari yalizunguka mara saba chini ya rangi za timu nne: nyekundu, nyeupe, bluu na kijani. Waendeshaji wengi walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Gaius Appuleius Diocles, aliyezaliwa Lusitania, yaani upande wa Ureno ya leo, alikimbia mbio 4,257 katika karne ya 2 BK, akashinda 1,462 na kustaafu akiwa na umri wa miaka 42. Maandishi ya ukumbusho wake yanataja mapato ya zaidi ya sestersi milioni 35.

Hapo pana mgongano ambao Roma haikuutatua. Aliyeshika hatamu uwanjani alikuwa mtu wa daraja la chini, na kisheria kazi yake ilihesabiwa ya aibu. Aliyeshika hatamu juu ya tao alikuwa bwana wa dunia. Picha ilikuwa moja, lakini Warumi walijua ni yupi wa kuheshimiwa. Nero alipojaribu kuwa wote wawili, mwaka 67 BK huko Olympia, alipanda gari la farasi kumi na kuanguka. Waamuzi walimpa taji hata hivyo. Alama iliyoanza kama uthibitisho wa uwezo ilikuwa sasa inatolewa bila uthibitisho wowote.

Udongo, nta na moto

Hapa inafaa tuseme kidogo kuhusu shaba yenyewe. Kiswahili cha kawaida hakitofautishi shaba safi na shaba iliyochanganywa na bati. Medali ya mshindi wa tatu ni ya shaba, na waya wa umeme ni wa shaba. Mafundi wa kale walitofautisha, kwa sababu bati likiongezwa kiasi cha sehemu moja kwa kumi, madini huyeyuka kwa moto mdogo zaidi, hutiririka vizuri na kukaza yakipoa. Sanamu nyingi za Ugiriki zilitengenezwa kwa mchanganyiko huo. Mfinyanzi aliumba umbo kwa udongo, nta ikatandazwa kwa unene wa shaba uliokusudiwa, kisha kalibu ya udongo ikaifunika yote. Kalibu ilipochomwa nta ilitoka, na shaba iliyoyeyuka ikajaza nafasi yake. Kazi kubwa ilisubiwa vipande vipande na kuunganishwa, na viungo vikafichwa kwa werevu. Kwa farasi wa Venice, kiungo cha kichwa na mwili kimefichwa chini ya ukanda wa shingoni.

Lakini farasi hao si wa mchanganyiko wa kawaida. Vipimo vimeonyesha kwamba karibu wote ni shaba tupu, kwa kiwango cha takriban asilimia 97 au 98. Kusubu shaba tupu kwa ukubwa ule ni mateso, maana hutaka moto mkali zaidi na hutiririka kwa uzito. Fundi alikuwa na sababu yake, nayo ni dhahabu. Dhahabu ilipakwa kwa kuchanganywa na zebaki, kisha moto ukaifukuza zebaki na kuacha dhahabu imeng'ang'ania. Wachimbaji wadogo wa Geita au Chunya wanaijua kazi hiyo kwa kinyume chake: wao hutumia zebaki kuikamata dhahabu iliyo katika mchanga, wakaiunguza zebaki, dhahabu ikabaki, na moshi wake ukawadhuru kama ulivyowadhuru mafundi wa kale. Bati na risasi nyingi ndani ya shaba huharibu upakaji huo. Fundi wa farasi alikubali shida ya kusubu ili apate mng'ao.

Jambo hili limeingia katika mabishano ya umri wao. Kwa muda mrefu wapo waliotamani farasi hao wawe kazi ya Lysippos, mchongaji wa Aleksanda Mkuu katika karne ya 4 KK. Upakaji wa dhahabu kwa zebaki na moto ulienea hasa enzi za Roma, na hiyo ni hoja nzito kwa wale wanaowaweka karne ya 2 au ya 3 BK. Wengine bado wanaona mkono wa Kigiriki katika shingo na macho yale. Kwa hoja yetu, inatosha kuona kwamba kila mji uliowamiliki ulipenda wawe wa Lysippos. Mateka mwenye ukoo mkubwa humtukuza aliyemteka.

Shaba ina sifa nyingine iliyoamua hatima ya sanamu karibu zote: haifi. Jiwe lililovunjika ni kifusi, lakini farasi wa shaba aliyevunjika ni sarafu, kengele, misumari, na baadaye mizinga. Kadiri sanamu ilivyokuwa kubwa, ndivyo ilivyokuwa akiba nono ya kuyeyushwa siku mambo yakiharibika. Ndiyo maana maelfu yametoweka, na walioponea wameponea kwa balaa au kwa bahati. Kijana wa Delphi alifukiwa na tetemeko la mwaka 373 KK, akafukuliwa 1896. Farasi wa Artemision, aliye Athene pamoja na mpanda wake mtoto, alikuwa shehena ya jahazi lililozama. Vipande vyake vilitolewa baharini miaka ya 1920 na 1930. Marko Aureli wa shaba, aliyeketi juu ya farasi wake huko Roma, alisalimika kwa kosa: Wakristo walimdhani ni Konstantino.

Kisa cha Herculaneum kinachekesha na kuumiza. Mji huo ulifukiwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79 BK, na wachimbuaji wa mfalme wa Napoli katika karne ya 18 wakapata vipande vya kwadriga iliyopakwa dhahabu. Vingine viliyeyushwa ili kutengeneza picha za mfalme na malkia. Vilivyosalia vya farasi mbalimbali viliunganishwa kuwa farasi mmoja, ambaye yupo makumbusho ya Napoli hadi leo. Volkano ilikuwa imevitunza kwa miaka takriban 1,700. Mfalme aliyevipata akavichoma ili uso wake udumu.

China inatupa mfano mwingine wa kuponea, na unasaidia kwa kuwa unatofautiana. Mwaka 1980 karibu na kaburi la mfalme wa kwanza wa Qin, aliyefariki 210 KK, yalifukuliwa magari mawili ya shaba, kila moja na farasi wake wanne, kwa ukubwa wa nusu ya magari halisi. Yamepambwa kwa dhahabu na fedha, na yalikuwa yamevunjikavunjika vipande zaidi ya elfu. Waendeshaji wake wapo, hatamu zipo, lijamu zipo. Lakini hayakutengenezwa yatazamwe na yeyote aliye hai. Yalizikwa ili roho ya mfalme isafiri. Gari la Qin lilikuwa na kazi, tena kazi ya siri, na kwa sababu hiyo hakuna mshindi aliyelikuta. Gari la Ugiriki na Roma liliwekwa juu ya paa ili lionekane, na kinachoonekana na kila mtu hutamaniwa na kila mtu.

Miji minne, wezi wawili

Maandishi ya Konstantinopoli ya karne ya 8 yanataja farasi wanne waliopakwa dhahabu juu ya uwanja wa mbio wa mji huo, na kusema waliletwa kutoka kisiwa cha Chios enzi za mfalme Theodosio wa Pili, katika karne ya 5. Wengi wanaamini ndio hao walio Venice leo. Kama ni kweli, waliishi mahali palipowafaa. Konstantinopoli ilipenda mbio kuliko Roma. Mashabiki wa bluu na kijani walikuwa nguvu ya kisiasa. Mwaka 532 waliungana dhidi ya mfalme Justiniani, mji ukaungua, na jeshi likawaua watu wapatao 30,000 ndani ya uwanja huohuo.

Mwaka 1204 Vita vya Nne vya Msalaba, vilivyoanzishwa kwa kusudi la kwenda Yerusalemu, viliishia kuuteka mji huu wa Wakristo. Niketas Choniates, ofisa aliyeshuhudia, aliandika kwa uchungu jinsi sanamu za shaba zilivyotupwa tanuruni zigeuzwe sarafu. Farasi wanne hawakuyeyushwa kwa sababu Venice, iliyokuwa na jemadari wake mzee Enrico Dandolo na meli za kutosha, iliwataka wakiwa wazima. Kwa hiyo ni sahihi kusema waliibwa, na ni sahihi pia kusema kwamba wizi ndio uliowaokoa. Kweli hizo mbili hazifutani, na yeyote anayetaja moja akificha ya pili anatetea upande.

Baada ya karibu nusu karne walipandishwa juu ya mlango mkuu wa Mtakatifu Marko. Ujumbe ulieleweka na marafiki na maadui. Mwaka 1379, Wagenova walipoizingira Venice na Venice ikaomba amani, wasimulizi wanasema jemadari Pietro Doria alijibu kwamba hapatakuwa na amani mpaka awatie lijamu farasi wale wasiofungwa. Doria aliuawa vitani mwanzoni mwa 1380 na Wagenova wakasalimu amri. Jibu lake linaonyesha alivyowasoma. Aliona farasi wasio na mwendeshaji, akajiona yeye kwenye nafasi iliyo wazi.

Aliyewatia lijamu alikuwa Napoleon. Jamhuri ya Venice ilianguka mwaka 1797, na kabla mwaka haujaisha farasi walishushwa. Julai 1798 walipita katika maandamano mjini Paris pamoja na simba, ngamia na michoro iliyotwaliwa Italia, na bango likitangaza kuwa sasa wamefika katika nchi huru. Baadaye waliwekwa juu ya tao la Carrousel, wakafungwa gari jipya. Wapambe wakaweka sanamu ya Napoleon ndani ya gari hilo, naye akaamuru ishushwe. Gari likabaki tupu, lakini hapakuwa na mtu Paris asiyejua ni la nani.

Mwaka 1806 alifanya vilevile Berlin. Kwadriga ya Johann Gottfried Schadow, iliyopandishwa juu ya Lango la Brandenburg mwaka 1793, ilifungwa katika masanduku kwenda Paris. Ilirudi 1814, na fimbo ya mungu mke aliyeiendesha ikatiwa msalaba wa chuma na tai wa Prussia. Lango lililojengwa kwa jina la amani likawa lango la ushindi. Vita Kuu ya Pili iliiharibu kwadriga hiyo, ikatengenezwa upya miaka ya 1950 kwa kalibu zilizochukuliwa kabla ya kuharibika: Berlin Magharibi ikatengeneza farasi, Berlin Mashariki ikakarabati lango. Kisha serikali ya Mashariki ikaondoa msalaba na tai. Vyote vilirudishwa 1991, Ujerumani ilipokuwa imeungana. Farasi hawakuguswa katika ugomvi huo wa alama. Uliohusu kila utawala ulikuwa mkono wa mwendeshaji na kilichomo ndani yake.

Kurudisha, lakini kwa nani?

Napoleon aliposhindwa Waterloo mwaka 1815, mataifa yaliyomshinda yaliamua vitu vilivyoporwa virudi kwa wenyewe. Farasi walirudi Venice Desemba mwaka huo. Uamuzi ule hutajwa mara nyingi kama mfano wa mapema wa kurudisha urithi uliotwaliwa kwa nguvu, na ni sawa kuukumbuka, hasa kwetu Waafrika tunaodai vyetu. Lakini ukiuchunguza una kasoro mbili za kufundisha.

Ya kwanza: waliorudishiwa hawakuwa huru. Venice ilikuwa chini ya Austria, na farasi walipandishwa mahali pao mbele ya mfalme wa Austria. Walirudi nyumbani chini ya bwana mwingine. Ya pili: hakuna aliyefikiria kuuliza kama Venice ilikuwa na haki. Konstantinopoli ya 1815 ilikuwa ya Waosmani na haikualikwa kwenye hesabu hiyo. Wala si rahisi kusema jibu lingekuwa lipi. Istanbul, kama mji huo unavyoitwa leo, ni mrithi wa mahali, Ugiriki ni mrithi wa lugha, na Chios wana dai la zamani zaidi, kama habari ile ni ya kweli. Venice imewatunza kwa miaka 800, ikawaficha katika vita kuu zote mbili, na miaka ya 1970 na 1980 ikawaingiza ndani ili hewa chafu isiwale, nakala zikawekwa nje.

Mimi naona fundisho lake ni hili: muda mrefu wa kumiliki huzaa haki ya aina fulani, lakini haki hiyo haifuti namna ya kupata. Asiyetaka kusimulia 1204 hana uso wa kulalamikia 1797. Na anayedai kitu kirudi ana nguvu zaidi pale ambapo jamii iliyonyang'anywa bado ipo, inakijua kitu chake na matumizi yake, na inaweza kusimama yenyewe kukidai.

Mfano wa karibu nasi umefichwa mahali pasipotarajiwa. Juu ya tao la Wellington, London, kuna kwadriga kubwa ya shaba iliyowekwa 1912: malaika wa amani anashuka juu ya gari la farasi wanne. Mchongaji wake, Adrian Jones, alikuwa daktari wa mifugo wa jeshi la Uingereza kabla ya kuwa msanii, na ndiyo maana misuli ya farasi wake haina kosa. Mwaka 1868 alikuwa katika msafara wa kijeshi wa Uhabeshi, msafara ambao, baada ya kuiteka ngome ya Maqdala, ulirudi na mataji, vyombo vya kanisa na mamia ya vitabu vya ngozi. Wahabeshi wapo, kanisa lao lipo, vitabu hivyo wanajua kuvisoma, na wanavidai hadi leo. Hakuna utata wa Chios hapo.

Sanamu ya Jones ina jambo la mwisho. Anayezishika hatamu ni mvulana mdogo, na inaelezwa kwamba uso wake ni wa mtoto wa Lord Michelham, mwenye benki tajiri aliyegharimia kazi hiyo. Jina la kijana wa Delphi halikuandikwa, la Polyzalos aliyelipa likachongwa kwenye kitako. London, miaka karibu 2,400 baadaye, aliyelipa hakutosheka na kitako. Alimpandisha mwanawe garini, akampa hatamu.